Figo Katika Kisukari Kikali

Mhariri aliponiomba habari ya elimu ya viumbe kwa ukurasa wetu wa Kiswahili, sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa bweni. Katika bweni lile alikuwako mtoto wa miaka 14 ambaye kila usiku alitoka mara tano kwenda kukojoa, na kila aliporudi alipitia mtungini kunywa maji. Wenzake walimcheka. Mimi niliuchukua mtungi nikaufungia chumbani kwangu, nikidhani kwamba asiponywa hatakojoa. Usiku wa tatu alitoka mara moja tu, nikajisifu. Kulipopambazuka alikuwa akitapika, anapumua kama mtu aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake yanuka kama matunda yaliyoiva mno. Alipelekwa hospitali kwa gari la misheni, akapona, ashukuriwe Mungu. Nami tangu siku hiyo nimesoma habari za figo, maana nilitaka kujua nilimtendea nini hasa.

Figo zetu mbili huchuja kadiri ya lita 180 za maji ya damu kila siku. Bila shaka hakuna mtu akojoaye lita 180! Karibu maji yote hurudishwa katika damu na vijifereji vyembamba vilivyomo ndani ya figo, na mkojo utokao ni lita moja na nusu hivi. Sukari nayo huchujwa pamoja na maji, na kwa mtu mwenye afya hurudishwa karibu yote. Lakini kazi hiyo ya kurudisha ina mpaka. Sukari ya damu ikipita kadiri ya miligramu 180 katika desilita moja, vijifereji hushindwa, na sukari inayozidi huenda na mkojo. (Hizo 180 mbili zimefanana kwa bahati tu, msizichanganye katika mtihani.) Na sukari haitoki peke yake, bali huvuta maji, na maji huchukua chumvi za mwili. Basi mtoto yule hakukojoa kwa sababu ya kunywa. Alikunywa kwa sababu ya kukojoa. Mimi niligeuza sababu ikawa tokeo.

Sasa tuje kwenye asidi. Kongosho likikosa kutoa insulini, chembe za mwili haziwezi kutumia sukari vizuri, ijapokuwa damu imejaa sukari tele. Ni njaa katikati ya ghala. Hapo mafuta ya mwili huyeyushwa, na ini huyageuza kuwa ketoni, ambazo nyingi ni asidi. Mapafu hujaribu kuipunguza asidi kwa pumzi ndefu na nzito, zile alizozieleza daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874. Figo nazo hutupa ketoni katika mkojo, lakini ketoni zikitoka huchukua pamoja nazo chumvi za sodiamu na potasiamu, na upungufu wazidi.

Mtu mzima katika hali hii aweza kupungukiwa na lita 6 hivi za maji. Damu hupungua wingi wake, na damu ipitayo katika figo hupungua pia. Figo haiwezi kuchuja kisichoifikia. Mkojo waanza kuwa haba, na takataka za damu, yaani yurea na kriatinini, zapanda. Tena sukari na asidi, ambazo zilikuwa zikitokea mlango huo huo, sasa zafungiwa ndani, na ugonjwa wajiongeza wenyewe. Ule usiku niliojisifu ndio uliokuwa wa hatari kuliko zote.

Kwa wagonjwa wengi figo zenyewe hazijaharibika. Zina kiu tu, na maji yakirudi hufanya kazi tena. Lakini zikikaa muda mrefu bila damu ya kutosha, vijifereji vyaweza kufa. Kwa hiyo kitu cha kwanza hospitalini ni maji ya chumvi kwa njia ya mshipa, kisha insulini. Nilipokwenda kumtazama nilimwona Sista akipima mkojo wake kwa chupa kila saa na kuandika, nikastaajabu. Nimejua baadaye kwamba ni kwa ajili ya potasiamu. Mwili umekwisha kupoteza nyingi, walakini damu huweza kuonyesha kwamba ipo ya kutosha au imezidi, kwa kuwa imetoka ndani ya chembe. Insulini huirudisha ndani, na ile ya damu yaweza kushuka ghafula hata moyo ukadhurika. Basi huongezwa, lakini ikiongezwa kwa mtu ambaye figo zake hazitoi mkojo, hujaa katika damu, na moyo wadhurika vile vile.

Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini alikuwa na umri kama wa mwenzetu. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 huko Toronto, Januari 1922. Sindano ya tarehe 11 haikumfaa sana, kwani dawa haikuwa safi. Walipoisafisha na kumdunga tena tarehe 23, sukari ya mkojo ilipungua sana na ketoni zikatoweka. Aliishi hata mwaka 1935.

Nanyi mliotutangulia, ambao wengine ni waalimu na watunza zahanati, mtoto akitapika na kuhema msiseme ni malaria tu. Tone moja la damu ya kidole latosha kupima sukari.

Mwenzetu amerudi darasani, na hujidunga mwenyewe kabla ya chakula. Ameisoma habari hii kabla sijampa Mhariri, akasahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alitoka mara tatu kila usiku. Kumbe zilikuwa tano.