SOMO: WAZEE WA REDIO

Katika Uingereza na Marekani wazee wengi wako na redio ya kusema na kusikia kwa mawimbi mafupi. Wanaitwa amateri, maana hawalipwi. Sheria ya mataifa inawakataza biashara. Usiku wanataniana.

— Mgongo unaniuma.
— Ni bustani ao ni miaka?

Wakiagana wanasema «73», ndiyo kusema salamu njema. Mmoja akifa, wanasema kigongeo chake kimenyamaza, kwani wengi wanagonga alama za Morse.

Sisi tunazarau maneno madogo kama haya. Kumbe njo yanalinda mutu: sauti ikikosa siku tatu, wenzake wanauliza, «Mzee iko wapi?»

Basi tujiulize: katika darasa letu, nani hatukumusikia jana?