Pumu ikibana mbali na hospitali

Asiyeweza kumaliza sentensi, au mwenye midomo ya buluu, yuko hatarini. Kifua kikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, msifurahi: hewa karibu haipiti tena.

Mketisheni wima. Mpeni salbutamoli ya kuvuta, mipulizo 4 hadi 10, mmoja mmoja, mkirudia kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa dawa uingie bila kuvuja, husaidia sana kuifikisha mapafuni.

Msingoje aone nafuu ndipo mtafute pikipiki ya kumpeleka hospitali. Toka vijiji vya Kabambare au Kasongo, mashariki mwa Kongo, matope hula saa nyingi. Ondokeni mapema, mmoja amshikilie nyuma, dawa mkononi, muendelee kumpulizia njiani.