MOTO ULAO MOSHI WAKE: INJINI ZA RÍO TURBIO

Kusini kabisa mwa bara la Amerika, mbali na miji mikubwa ya Argentina, iko nchi iitwayo Patagonia. Si nchi ya misitu wala ya mashamba. Ni mbuga kavu yenye baridi, watu wake wachache na kondoo wake wengi, na upepo wake hauna adabu: huvuma tangu asubuhi hata jioni, na miti michache iliyopandwa na watu huota ikiinamia upande mmoja. Katika nchi hiyo ilijengwa reli nyembamba sana, ya kuchukua makaa ya mawe, na juu ya reli hiyo injini ndogo za mvuke zilifanya kazi ambayo kwingineko ilipewa injini kubwa. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ilivyokuwa hivyo. Kwani siri yake haikuwa chuma kizito, bali namna ya kuwasha moto, na habari ya moto yamhusu kila mtu mwenye jiko nyumbani mwake.

Kwanza yafaa kujua kwa nini reli hiyo ilijengwa. Argentina ni nchi ya ngano, mahindi na nyama, lakini makaa ya mawe ya magari yake ya moshi yalikuwa yakiletwa kwa meli, hasa kutoka Uingereza. Vita Kuu ya pili ilipotokea mwaka 1939 meli zikapungua sana. Makaa yakawa haba, na nafaka iliyovunwa ikakosa meli ya kuipeleka ng'ambo. Basi wenye reli wakachoma kuni, na kuni zilipokuwa hazitoshi wakachoma mahindi. Mkulima wa kwetu asomapo habari hii atashika kichwa, na sisi pia hatumlaumu. Chakula kilitiwa katika tanuru la injini kwa mabeleshi, ili magari yapate kwenda.

Serikali ya Argentina ikaona haina budi kuchimba makaa yake yenyewe. Makaa yalikuwako mahali paitwapo Río Turbio, karibu na mpaka wa nchi ya Chile, lakini bandari ya kuyapakia ilikuwa Río Gallegos, upande wa bahari ya Atlantiki. Kati ya mgodi na bandari ni kilometa 255, yaani maili 158 hivi, na nchi yote ni ukiwa mtupu. Reli ikamalizika mwaka 1951.

Upana wake ulikuwa milimeta 750 tu. Reli ile ya zamani ya Mombasa na ile ya Dar es Salaam, ambazo wasomaji wengi wamezipanda, zina upana wa meta moja; basi mtu achukue kamba ya meta moja, akate robo, na ile iliyobaki ndiyo nafasi iliyokuwa kati ya vyuma viwili vya reli ya Río Turbio. Reli nyembamba hujengwa kwa gharama ndogo. Tena injini na vyombo vya upana huo vilikuwako tayari nchini, vilivyonunuliwa tangu miaka ya 1920 kwa ajili ya reli nyingine za Patagonia. Mtu aliye na haraka hutumia alicho nacho.

Lakini reli nyembamba yenye vyuma vyepesi haiwezi kubeba injini nzito. Kwa hiyo mwaka 1956 zilifika injini kumi mpya kutoka kiwanda cha Mitsubishi, nchi ya Japani, zilizotengenezwa kwa shauri hilo. Kila injini ilikuwa na magurudumu madogo mawili mbele ya kuiongoza, kisha magurudumu kumi ya kukokota, matano kila upande, kisha mawili tena nyuma chini ya tanuru. Uzito wa injini ulikuwa tani 48 hivi, nao uligawanyika juu ya magurudumu mengi, kama mzigo uchukuliwao na wapagazi kumi badala ya wawili, hata reli isilemewe mahali pamoja. Mafundi wa reli huziita injini za namna hiyo Santa Fe.

Basi reli ilikuwapo, na injini zilikuwapo. Shida ilikuwa makaa yenyewe.

Ilikuwa ni jambo la akili kwamba reli ya makaa itumie makaa yake. Lakini makaa ya Río Turbio si ya daraja ya kwanza. Yana majivu mengi, tena majivu yenyewe, moto ukiwa mkali, huyeyuka na kushikamana, yakawa mabonge magumu kama mavi ya chuma wayajuayo wahunzi. Mabonge hayo huziba uchaga wa chuma ambao juu yake moto huwaka. Hewa isipopita, moto hufifia. Moto ukififia, mvuke hupungua. Na mvuke ukipungua, gari lote husimama nyikani katika upepo ule tuliousema. Fayamani, yaani mtu mwenye kazi ya kutia makaa, hupigana na mabonge kwa vyuma virefu, huku akimwaga jasho katika nchi ya baridi.

Mwaka 1957 akaja mkubwa mpya wa reli hiyo, Bwana Livio Dante Porta, mwenyeji wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1922. Alikuwa amekwisha kujulikana. Mwaka 1949, akiwa bado kijana, alimaliza kuitengeneza upya injini moja kuukuu ya reli ya meta moja, ikatoa nguvu nyingi ajabu kwa uzito wake. Bwana huyu alikuwa na neno moja aliloshikilia maisha yake yote, ya kuwa injini ya mvuke haikufika mwisho wa uwezo wake, bali watu walikuwa wameacha kuifikiria.

Hapa twawaomba walimu wasimame kidogo pamoja nasi, maana somo lote limo katika jambo moja: moshi ni nini? Watu wengi hudhani moshi ni takataka ya moto. Si hivyo. Washeni mshumaa, mwuache uwake kitambo, kisha mwuzime. Mstari wa moshi mweupe hupanda kutoka katika utambi. Leteni kijiti cha kiberiti kiwakacho katika moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa, nanyi mtaona mwali ukirukia moshi na kuteremka hata utambi ukawaka tena. Moshi ule ulikuwa chakula cha moto, uliokuwa ukienda zake bila kuliwa. Au chukueni taa ya chemli, mwondoe kioo chake. Mwali huwa mwekundu na masizi hupanda. Rudisheni kioo: hewa huvutwa kwa nguvu kupitia vitundu vya chini, mwali hung'aa, na masizi hutoweka. Mafuta ni yale yale, utambi ni ule ule. Kilichobadilika ni hewa na mahali ifikapo.

Sasa tuirudie injini. Katika injini ya kawaida, hewa yote ya moto, au karibu yote, hupita chini, katikati ya vyuma vya uchaga, kisha kati ya makaa. Nayo huvutwa na mvuke: mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutupwa juu kwa kishindo katika dohani, ukavuta pamoja nao hewa ya tanuru. Ndiyo sauti ile ya injini ya mvuke, chaf, chaf, chaf. Mpango huu ni wa busara, kwani kadiri injini ifanyavyo kazi zaidi ndivyo moto wake uvutwavyo zaidi, kama mhunzi azidishaye mivukuto. Lakini una kasoro kubwa. Injini ipandapo kilima hewa huja kwa kasi kama tufani, huinua chembe za makaa zisizokwisha kuungua, huzirusha katika mirija na kuzitoa nje kwa dohani. Mtu asimamaye kando ya reli hutazama moshi mweusi na cheche, husema, "Tazama nguvu!" Kumbe atazama makaa yakipotea.

Bwana Porta akaupindua mpango huo. Aliamuru moto uwe mnene, rundo kubwa la makaa juu ya uchaga, na hewa ipitayo chini akaipunguza, ikawa kama sehemu tatu tu katika kumi. Hewa iliyosalia aliipa njia nyingine: alitoboa matundu katika kuta za tanuru, juu ya moto. Basi rundo la makaa halikuwaka tena kwa ghadhabu. Liliiva polepole, kama tanuri la mchoma mkaa, likatoa gesi nyingi, na gesi hiyo ilipopanda ilikutana na hewa iingiayo kwa matundu ya ubavuni, ikawaka pale pale juu ya rundo kwa mwali mrefu mweupe. Hewa ya chini ilikuwa pole, kwa hiyo haikuinua chembe za makaa. Moshi uliliwa kabla haujaufikia mlango.

Na yale mabonge? Dawa yake ilikuwa ya ajabu kwa mtu asikiaye mara ya kwanza: alipitisha mvuke chini ya moto. Alichukua sehemu ya mvuke uliokwisha kufanya kazi, akauchanganya na hewa ya chini. Mvuke upitapo katika makaa mekundu huyapunguzia joto, na wenyewe hugeuka kuwa gesi iwakayo, ikaungana na ile nyingine juu. Kwa kuwa chini pamepoa, majivu hayayeyuki, bali huanguka kama majivu ya jikoni. Basi maji yaliyokuwa mvuke yalisaidia moto badala ya kuuzima. Tusimsikie mtu akijaribu jambo hili kwa kumwaga maji katika jiko! Ni mvuke, tena kidogo, tena chini ya makaa mengi yaliyo mekundu.

Jambo la tatu lilikuwa dohani. Mvuke utokao kwa tundu jembamba huvuta hewa vizuri, lakini pistoni hupata taabu kuusukuma nje, na nguvu hupotea humo. Fundi wa Ufini, Kyösti Kylälä, na Mfaransa mashuhuri André Chapelon walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mvuke ukigawanywa katika vijito kadhaa huvuta hewa nyingi bila kuzuiwa. Bwana Porta aliliendeleza wazo hilo, na chombo chake kikaitwa Kylpor, jina lililoungwa kwa la Kylälä na lake mwenyewe. Twapenda jambo hili, kwamba jina la aliyetangulia halikufutwa.

Matokeo yake yalionekana reliani. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi 700 ilifika nguvu za farasi 1,200, bila kuongezewa ukubwa, na kwa makaa yale yale yaliyodharauliwa. Magari ya tani 1,700 yakawa ya kawaida. Hesabuni: tani 1,700 kwa injini ya tani 48 ni mara 35 ya uzito wake, juu ya reli ambayo mtoto aweza kuiruka kwa hatua moja. Ni kweli kwamba gari lenye shehena lilikuwa likienda upande wa pwani, na mgodi uko juu kuliko bahari. Hata hivyo maili 158 si mteremko mtupu, na upepo hauhesabu shehena. Mwaka 1963 zililetwa injini kumi nyingine kutoka Japani, nazo zilikuja na mpango wa Bwana Porta tangu kiwandani. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka huko mwaka 1960.

Hatutaki kuwafanya wasomaji wafikiri kwamba hapakuwa na gharama. Moto mnene wataka mtu makini. Hauwezi kuharakishwa kwa ghafula, na fayamani aliyezoea moto mwembamba hana budi kujifunza upya. Injini ya mafuta ya dizeli haina mambo hayo; dereva huiwasha asubuhi na kuizima jioni. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu viwanda vilikuwa vimegeukia dizeli, reli nyingi duniani ziliacha mvuke wakati ule ule ambapo Río Turbio ilikuwa ikionyesha uwezo wake. Kwa maoni yetu wengi waliiacha bila kuuliza swali la Bwana Porta.

Walioliuliza walikuwako, hata katika Afrika. Mwingereza mmoja, David Wardale, aliyekuwa akitumikia reli za Afrika ya Kusini, alijaribu moto huo kwanza katika injini moja mwaka 1979, kisha mwaka 1981 katika injini kubwa, namba 3450, iliyopakwa rangi nyekundu hata watu wakaiita Shetani Mwekundu. Ilipopimwa kazini na kulinganishwa na wenzake, makaa yalipungua kwa sehemu 28 katika 100, na maji kwa sehemu 30. Nchi yenye ukame yajua thamani ya hesabu hiyo ya pili.

Huko Río Turbio mvuke uliendelea hata miaka ya 1990, ndipo dizeli ikachukua kazi. Bwana Porta alifariki mwaka 2003, akiwa bado akiandika na kushauri juu ya injini za mvuke. Baadhi ya injini zake zimewekwa Río Gallegos ili watu wazitazame, na nyingine ziliachwa zisimame katika upepo, matundu yangali yakionekana katika kuta za matanuru yao.