Jumanne: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:3–9. Eliya alipoomba afe, Mungu alimpa nini kwanza?

Hakumkaripia. Alimpa mkate, maji na usingizi, kisha akamlisha tena. Swali lilikuja baadaye, kule Horebu.

Kijana wa Vingunguti anayekesha kwa hofu ya mtihani wa kidato cha nne, hataki kula, hataki hata kwaya, huambiwa aombe zaidi. Aombe, ndiyo. Lakini pia ale, alale, amweleze mtu mzima anayemwamini. Hali ikidumu, aende hospitali. Muhimbili wapo madaktari wa afya ya akili. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Nani darasani kwenu hajaonekana Sabato mbili? Nani atamtembelea leo?