Jina la Buibui wa Msituni: Ninavyolitafuta Kisiwani Fundo

Watu hunitumia picha za buibui kwenye simu na kuniuliza, "Huyu ni nani?" Nami huwarudishia swali: ni dume au jike, na ameshapevuka? Rangi haitoshi. Spishi mbili tofauti zinaweza kufanana mgongoni mpaka ukaapa ni ndugu, na spishi moja ikaja kwa rangi tatu. Kinachozitenganisha ni viungo vya uzazi, navyo havikamiliki mpaka buibui ajivue gamba mara ya mwisho. Mtoto wa buibui, hata awe wa ajabu namna gani, mwache aende zake.

Mimi hutafuta Fundo, kisiwa chembamba kilichoko mbele ya Wete, kwenye vichaka vya maweni. Wageni wanaotafuta viumbe wa Pemba huelekezwa msitu wa Ngezi, na wana haki, lakini Pemba nzima na visiwa vyake imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu. Ndiyo maana ina popo wake, Pteropus voeltzkowi, aliyepewa jina la Alfred Voeltzkow, Mjerumani aliyekuja kukusanya viumbe hapa mwaka 1903. Buibui wengi wakiwa wadogo hupeperushwa na upepo kwa uzi wao na huweza kuvuka bahari. Wale wa chini ya mawe na majani makavu aghalabu hawana safari hizo, na hao ndio ninaowafuata.

Ukishuka chomboni, anza kwa sheha, kibali cha utafiti kikiwa mkononi. Mweleze unachotafuta na utachukua kiasi gani. Kisha omba kijana wa pale akuongoze. Anajua njia za maweni, na jiwe la matumbawe likikukata mguu hutatafuta tena siku hiyo.

Vifaa si vya gharama. Chekecha majani makavu juu ya shuka nyeupe, halafu tulia, kinachotembea utakiona. Kwa matawi, fungua mwavuli, uupindue chini yake, ulipige tawi kwa fimbo. Usiku vaa tochi ya kichwa. Mchukue buibui kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti, maana vidole huvunja miguu.

Nikupe mfano wa wale walio chini ya miamba, wenye miguu mirefu kama nyuzi. Ukiwapulizia hutikisika mpaka usiwaone. Jike hubeba mayai yake mdomoni, yamefungwa kwa nyuzi chache tu, unaweza kuona yai mojamoja. Hiyo yatosha kukuingiza kwenye familia ya Pholcidae. Chini ya hadubini tazama macho: yakiwa sita, matatu huku na matatu kule, katikati pakiwa patupu, unaanza kufikiria jenasi ya Spermophora, ambayo Bernhard Huber aliichambua mwaka 2003 kwa spishi za kusini mwa Afrika. Sasa mtafute dume. Vipapasio vyake viwili, vilivyo mbele ya miguu, vimevimba nchani kama karafuu isiyochanua. Humo ndimo lilimo jina. Umbo la kila mwiba na kila kunjo la kipapasio hulinganishwa na michoro iliyochapishwa, na mimi humaliza jioni nzima kwenye kipapasio kimoja.

Kwa jike, kitenge kwa sindano nyembamba kibao cha uzazi kilicho chini ya tumbo, kipitishe kwenye spiriti kali ili maji yatoke, kisha kitie kwenye tone la mafuta ya karafuu. Kikibaki na maji, mafuta yatafanya ukungu. Kikiwa kikavu, taratibu kibao kinakuwa kama kioo, na mirija na vifuko vya ndani vinajitokeza. Wataalamu wa buibui wa Ulaya hutumia mafuta hayohayo. Sisi tuna kiwanda cha makonyo pale Wawi, kinachotengeneza mafuta ya karafuu. Mwanafunzi wa Pemba asiambiwe kwamba elimu hii haimhusu.

Lebo iandike kwa penseli na uitie ndani ya chupa, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Andika mahali, vipimo vya GPS, tarehe, alikokaa buibui na nani aliyemkamata. Buibui asiye na lebo hana thamani kwa yeyote.

Baada ya hapo fungua World Spider Catalog, inayotunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi. Mwaka 2022 ilivuka spishi 50,000, na husomwa bure. Zingatia mabano. Trichonephila sumptuosa (Gerstaecker, 1873), buibui mkubwa wa Afrika Mashariki afumaye utando wa rangi ya dhahabu, ana mwandishi ndani ya mabano kwa kuwa Gerstaecker alimweka kwenye Nephila, na mwaka 2019 akahamishiwa jenasi nyingine. Kwa hiyo tafuta maandiko chini ya majina yote mawili.

Hata ukishapata jina, usikimbilie kumwita buibui wako adimu. Hesabu saa ulizotafuta, pamoja na zile ulizorudi mikono mitupu. Nenda masika na urudi kiangazi, maana wapevu wa spishi moja huweza kuonekana msimu mmoja tu. Tafuta Ngezi kwa njia ileile na kwa muda uleule. Ukishindwa kumpata kwingine, hapo una hoja.

Ukiamini ni mpya, mwandikie mtaalamu wa familia hiyo kabla ya kumtangaza. Mtumie picha za kipapasio cha kushoto, kwa kuwa ndicho kinachochorwa kwa kawaida, kutoka upande na kutoka chini, na kila picha iwe na mstari wa kipimo cha milimita.