MATUMIZI SALAMA YA VIFAA VYA UMEME KATIKA SAFARI ZA NJE YA NCHI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri nje ya nchi kwa kazi, masomo, biashara au matibabu huchukua pasi, chaja za simu na vifaa vinginevyo vya umeme bila kuuliza kama vitafaa huko waendako. Kosa hilo laweza kuunguza kifaa, kuteketeza nyumba ya mwenyeji au kumdhuru mtumiaji mwenyewe.

Tofauti za umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Tofauti na nchi nyingine inaonekana vizuri kwa mfano wa Makere, Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Wafanyabiashara wa maeneo hayo huvuka mpaka kwenda Burundi. Huko umeme ni wa volti 220, unaokaribiana na wa Tanzania, ila soketi zina matundu ya mviringo. Aidha, familia nyingi za Wakongo waliokuwa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa karibu na Makere mwaka 1996, zimehamia Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na mizunguko 60. Aendaye Burundi hukuta plagi tofauti; aendaye Marekani hukuta umeme wenyewe ni tofauti. Kwa upande wa Oman, plagi ni ya meno matatu bapa na umeme ni wa volti 240.

Adapta si transfoma

Adapta hubadili umbo la plagi tu. Haipunguzi wala haiongezi volti. Kazi hiyo hufanywa na transfoma. Volti zikibadilika, nguvu ya kifaa cha kutoa joto hubadilika kwa kipeo cha pili. Pasi ya wati 1,000 ya volti 230 ikitumiwa Marekani hutoa wati 270 hivi, na nguo hazinyooki. Hasara yake ni ndogo. Hatari iko kwa ndugu anayerudi na pasi ya Marekani ya wati 1,000 kama zawadi. Ikichomekwa Makere kwa adapta pekee, huvuta zaidi ya wati 3,600. Waya zake huungua kwa muda mfupi, na moto waweza kuzuka.

Chaja nyingi za simu na kompyuta hazina tatizo hilo, kwani huandikwa "100–240 V, 50/60 Hz". Hizo zinahitaji adapta tu. Kifaa kilichoandikwa volti 120 peke yake kisichomekwe kwenye soketi ya volti 230 bila transfoma.

Desturi ya kijiti

Wapo wanaoingiza kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi ya matundu matatu ili plagi ya meno mawili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na jino lake refu ndilo hufungua vizibo vinavyokinga matundu mawili ya chini. Kijiti huondoa kinga hiyo, na plagi ikilegea hutoa cheche na kuyeyusha soketi. Adapta ni ya bei ndogo kuliko hasara hiyo.

Betri ndani ya ndege

Betri za akiba za kuchajia simu hubebwa katika mkoba wa mkononi. Haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni wati-saa 100. Betri ya miliampea-saa 20,000 yenye volti 3.7 ni ya wati-saa 74, hivyo imo ndani ya kikomo.

Kabla ya safari, msafiri azingatie yafuatayo:

(a) Asome maandishi ya volti yaliyo kwenye kila kifaa.

(b) Aulize volti na aina ya soketi za nchi aendayo.

(c) Transfoma anayoinunua iwe na wati nyingi kuliko za kifaa.

(d) Asiache pasi wala birika la umeme likiwaka bila mtu.

Wakuu wa vituo vya kazi wanaombwa kuwaeleza haya watumishi wao wanaojiandaa kusafiri, nao watumishi wawafikishie jamaa zao.