Mwislamu Mbele ya Wapiga Kura wa Magharibi

Kuna maneno mawili yasikikayo sana barazani baada ya sala ya isha. La kwanza, kwamba watu wa Ulaya na Marekani hawatampa Mwislamu madaraka abadan, hata akiwa mwema namna gani. La pili, lisemwalo kila anapochaguliwa Mwislamu huko, kwamba taasubi imekwisha. Maneno haya hayawezi kuwa kweli yote mawili, na sisi twaona kwamba hata moja halikutimia ukweli wake. Mwenye kutaka insafu hana budi kuyatazama mambo yenyewe.

Katiba ya Marekani, katika kifungu chake cha 6, yakataza mtu kupimwa kwa dini yake ili apewe kazi ya serikali. Neno hili halikupita kimya. Mwaka 1788, wajumbe wa North Carolina walipokutana kuijadili katiba hiyo, baadhi yao walilalamika kwamba kwa njia hii hata Mwislamu aweza kupata utawala. James Iredell aliwajibu kwamba haiwezekani kuwatenga watu kwa dini zao bila ya kuuvunja uhuru wa dini wenyewe. Tazama basi ajabu hii: Waislamu waliokuwako katika nchi ile siku hizo aghlabu walikuwa ni watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi, hawana kura wala sauti, na tayari alikuwako mwenye kuogopa kutawaliwa nao! Khofu hii basi ni kongwe. Mambo ya mwaka 2001 yaliizidisha, hayakuizaa.

Mwaka 2006 watu wa Minneapolis na pambizo zake, ambao wengi wao si Waislamu, walimchagua Keith Ellison kuwa Mwislamu wa kwanza katika Bunge la Marekani. Iliposikika kwamba ataapa kwa Qur'ani, mbunge mmoja wa Virginia, Virgil Goode, aliwaandikia wapiga kura wake kwamba wahamiaji wasipozuiwa watachaguliwa Waislamu wengi zaidi. Wal-hali Ellison si mhamiaji. Ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Detroit, aliyesilimu ujanani. Naye hakumrudishia matusi. Aliazima katika Maktaba ya Bunge tafsiri ya Qur'ani iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa nchi hiyo, na Januari 2007 akaweka mkono wake juu yake. Na nyumba ya Jefferson imo katika wilaya ile ile ya uchaguzi aliyokuwa akiiwakilisha Goode! Mwaka 2008 Goode alishindwa. Hatusemi kwamba sababu ni hiyo. Ama Ellison, watu wake walimrudisha mara baada ya mara, mpaka mwaka 2018 jimbo zima la Minnesota lilipomchagua kuwa mwanasheria mkuu wake.

Lakini tusifurahi upesi. Shirika la Gallup huwauliza Wamarekani: lau chama chako kingemsimamisha kwa urais mtu afaaye ambaye ni Mwislamu, je, ungempa kura yako? Mwaka 2015 watu 60 katika kila 100 walisema naam. Kwa Mkatoliki walisema naam watu 93. Tena wafuasi wa chama cha Democratic waliokubali walikuwa 73 katika 100, na wa Republican 45 tu. Basi kusema "Wamarekani wasema hivi" ni kosa, kwani wao wenyewe hawako pamoja. Na Desemba ya mwaka huo huo Donald Trump alitaka Waislamu wazuiliwe wasiingie nchini, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa Rais.

Ile hisabu ya 60 twapenda msomaji aikumbuke. Mwaka 1937, Gallup walipouliza juu ya Mkatoliki, walipata jawabu kama hiyo hiyo. Mwaka 1960 John Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwahakikishia wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatatawala kwa amri ya Papa. Hatusemi kwamba njia ya Waislamu itakuwa sawa na hiyo. Wakatoliki walikuwa mamilioni mengi. Waislamu wa Marekani ni kama mmoja tu katika kila mia.

Huko London, mwaka 2016, wapinzani wa Sadiq Khan walijitahidi kumfungamanisha na watu wenye siasa kali. Waislamu wa mji ule, kwa hisabu ya watu ya 2011, walikuwa kama 12 katika 100. Naye katika hisabu ya mwisho alipata kura 57 katika 100. Ni nani basi waliomtia katika umeya, na wakamrudisha 2021 na 2024, kama si watu wa dini nyingine na wasio na dini? Mtoto huyu wa dereva wa basi aliwazungumzia nauli na nyumba. Kadhalika Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala kwa jirani zetu, aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025: maneno yake yalikuwa kodi za nyumba na mabasi. Mengine wayatetezayo wakubwa hawa sisi hatuyaafiki, wala hatufichi. Lakini ni dhahiri kwamba mtu akiulizwa juu ya "Mwislamu" asiyemjua hujibu kwa khofu yake, na akiletewa mtu anayemjua, mwenye kusema juu ya kodi anayolipa kila mwezi, hupima kwa mizani nyingine.

Na mizani yetu sisi? Katika mitaa ambayo sisi ndio wengi, akija asiye Mwislamu kutaka kura zetu, twamuuliza nini kwanza: kazi yake, au dini yake? Swali hili tumeliweka kwa darsa ijayo. Kila atakayehudhuria na aje na jawabu yake, awe tayari kuisema mbele ya wenziwe.